Majivu ya ndizi ndani ya kremu ya Kaswera

BUTEMBO, mashariki mwa Kongo, 2002. Saa mbili asubuhi, Kaswera Débora anaonja majivu.

Anachovya ncha ya kidole kwenye bakuli, anakigusisha ulimi, anafumba macho na kuhesabu kimoyomoyo. Kisha anatema mate upande wa migomba na kuongeza kikombe kimoja cha maji.

"Inaluma bado," anasema. "Ikiluma mupaka nahesabu tatu, ile ni ya sabuni. Ikiachia kwa mbili, njo ya gato."

Juu ya bakuli umening'inia mkebe mtupu wa maziwa uliotobolewa kwa msumari. Ndani yake kuna nyasi kavu, na juu ya nyasi majivu ya maganda ya ndizi. Maji yanapita humo taratibu na kudondoka yakiwa na rangi ya chai ya jana. Jirani zake wote wanayajua maji haya: wanayatia kwenye maharagwe magumu ili yaive bila kumaliza kuni. Kaswera, mwanamke wa miaka 43 anayeoka keki, au gato kama wasemavyo hapa, upande wa Rughenda, anayatumia kuifanya chokoleti iwe nyeusi.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi Shekinah, binti wa mfanyabiashara Zacharie Lusenge, anaolewa na kijana wa Beni. Keki ni ya ghorofa tatu, na mwenye neno juu yake ni shangazi wa bibi harusi, Mama Kasonia. Mama huyu ameketi katika kamati za harusi nyingi mjini, na inasemekana hata ndoa ambazo hakualikwa huwa anazisimamia kwa mbali.

Agizo lake lilikuwa fupi. "Minataka kremu nyeusi sawa kiatu ya katekista. Hapana ile rangi yako ya udongo. Kama haiko nyeusi, unaweka ile ya Kampala. Ukikataa, unabaki na gato yako, na comité zote zitajua."

"Ile ya Kampala" ni unga wa kakao wa mkebe, unaoingia kwa lori kupitia mpaka wa Kasindi. Kaswera ameapa kwamba unga huo hautaingia tena kwenye kremu yake. Sasa ana siku mbili za kuonyesha kwamba kiapo chake kinaweza kuwa na rangi. Kamati zikimfungia mlango, anarudi kuuza mandazi barabarani, na miaka ishirini na minne ya kuoka inakuwa hadithi ya kusimulia wajukuu.

"Mandazi si aibu," anasema akipangusa mikono. "Mais lakini kunilazimisha mandazi, hapo njo tutaanza kusumbuana."

*

Alijifunza kuoka mwaka 1978 katika foyer social ya parokia, ambako wasichana walifundishwa kushona, kufuma na kupika vitu ambavyo mama zao hawakuwahi kuviona. Wenzake wengi waliondoka na vitambaa vya meza. Yeye aliondoka na kijiko cha mbao na tamaa ya sukari.

Alipoolewa na Maliro, ambaye ni mwashi, mume alimjengea tanuru la matofali nyuma ya nyumba kabla hajamaliza kujenga chumba cha kulala. "Nililala mwaka moja chini ya manyasi," Maliro anakumbuka, "lakini gato zilikuwa na nyumba ya tôles, ya mabati."

Kwa miaka mingi kazi ilikwenda vizuri. Keki nne kwa wiki, harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza. Unga wa kakao alikuwa akiufuata mwenyewe Kasindi mara mbili kwa mwaka. Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikarudi na jina jipya.

Mwaka 1999 alikuwa akirudi kutoka mpakani na mikebe sita. Kwenye kizuizi kimoja, askari walisimamisha lori na kupekua mizigo. Mkubwa wao alifungua mkebe mmoja, akaona unga wa kahawia, akaamini amepata maziwa ya chokoleti. Akajaza mdomo.

Kakao kavu haina huruma na koo la mtu, hata akiwa na bunduki. Mkubwa alikohoa kahawia, akalia machozi, na alipopata sauti, aliuliza kwa nini mama huyu anataka kuua jeshi.

"Banasema ni sumu," Kaswera anasimulia. "Banasema, kula, tuone. Nikasimama pale kwa jua, na batu yote ya camion banaangalia, nikakula nusu ya mkebe. Hapana maji. Mate ikaisha. Nilikuwa natoa vumbi kwa pua sawa moteri mubovu."

Anacheka mpaka anashika kiuno. Kisha uso unabadilika.

"Balipoona sikufa, balichukua ile mikebe tano. Kama ilikuwa sumu, mbona balibakisha kwao?"

Siku hiyo aliapa kwamba barabara ile haitamlisha tena. Maliro alimuuliza ataoka na nini sasa, na hasira? Akajibiwa: "Tutaanza na hasira. Vingine vitakuja."

*

Vingine vilikuwa Beni, kilomita hamsini na nne kutoka kwake, kwa mkulima anayeitwa Zorobabel.

Zorobabel ana miaka 61 na miti mia mbili ya kakao aliyoipanda mwishoni mwa miaka ya sabini, walipoambiwa kwamba kakao ni mali ya kesho. Kesho ilipofika, ilifika na risasi. Wanunuzi walikimbia. Kaswera alipomkuta, mzee alikuwa akianika mbegu uani kwa mazoea tu, kama mtu anayeendelea kumwekea chakula ndugu aliyesafiri.

"Nilikuwa nimepanga kukata," Zorobabel anasema. "Nipande muhogo. Muhogo, hata askari anaujua. Kakao, nani anaijua? Huyu mama akanikuta na panga. Akaniuliza, papa, unauza? Nikafikiri anauliza panga."

Walipatana: gunia moja kila miezi mitatu, na miti inabaki imesimama. Gunia likikoma, panga linarudi kazini. Kaswera husafiri mwenyewe kulifuata, juu ya lori la mbao au la muhogo. Kwenye safari ya mwisho alihesabu vizuizi saba. Kila kizuizi kina bei yake, na askari wa mwezi huu wanaweza kuwa na jina lingine mwezi ujao. Lakini mbegu za kakao haziwasumbui. "Wanaziona kama maharagi iliyooza," anasema. "Na mimi siwaambii kinyume."

Nyumbani anazikaanga polepole kwenye sufuria pana, anazimenya, anazipepeta kwenye ungo, kisha anazisaga juu ya jiwe lililopashwa moto mpaka zitoe mafuta yake na kuwa uji mzito. Baridi ya Butembo inaugandisha uji huo kwa saa chache. Anaukata madonge madonge, na donge moja ukiliyeyusha na kulichanganya na siagi na sukari iliyotwangwa, unapata kremu yenye ladha ambayo mkebe hauijui.

Tatizo lilikuwa rangi.

Kakao ya Zorobabel ikishachanganywa na siagi inakuwa ya wekundu hafifu, sawasawa na udongo wa Butembo, ule unaopakwa kwenye kuta za nyumba. Keki ya kwanza aliyoipeleka harusini watu waliitazama kwa muda. Ndipo mchekeshaji, mmoja wa wale ambao kila harusi inao hata kama haijawaalika, akauliza kwa sauti: "Hii gato nani aliipiga crépissage sawa ukuta? Ni muashi?"

Na mwashi alikuwepo, ameketi safu ya pili na suti yake ya pekee.

"Batu bote balinigeukia," Maliro anasema. "Nikanyanyua mikono. Nikasema, angalieni, iko safi, leo sikutumika kazi."

Watu walicheka, wakala, wakaramba vidole. Lakini mjini watu husimulia walichocheka, hawasimulii walichoramba. Kutoka keki nne kwa wiki, Kaswera akabaki na moja, na wiki nyingine hakuna. Watoto wake watatu walirudishwa nyumbani na shule muhula ule kwa kukosa karo. Wateja walikwenda kwa waokaji wanaotumia mkebe.

*

Mtu mwingine angeukumbuka mkebe kwa upole. Kaswera aliamua kupigana na rangi.

Kwanza alizikaanga mbegu zaidi, mpaka zikawa nyeusi kama makaa. Kremu ikawa nyeusi pia, na chungu kiasi kwamba Maliro, ambaye ndiye mwonjaji wa nyumba, alikimbilia maji. Kisha akatia kahawa nyingi. Rangi ikaja, chokoleti ikaondoka. Watu wakasema hii ni keki ya kahawa, na wakamsifu kwa kitu ambacho hakukifanya. Akajaribu sukari iliyounguzwa. Kremu ikatiririka ubavuni mwa keki kama jasho la mtu anayehojiwa.

Mara ya nne akasaga mkaa, akauchekecha kwenye kitambaa, akauchanganya. Mkaa hauna ladha, alijiambia, kwa hiyo hautaiharibu ladha. Ilikuwa keki ya sikukuu ya kwaya. Kwaya ilikula, ikasimama kuimba, na kila ilipofungua mdomo waumini waliona meno meusi safu nne.

"Baliimba muzuri sana," Kaswera anasema. "Mais hakuna mutu alisikia."

Watu walimuuliza, na bado wanamuuliza, kwa nini anasumbuka hivyo na keki wakati watu wanakufa. Swali hili analijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi. "Kwani vita ilikataza batu kuoana? Banaoana. Sasa mutu anaoa, wewe unataka akule nini, communiqué ya vita kwa redio?"

Jibu la rangi lilikuja kutoka kwenye sufuria ya maharagwe. Yalikuwa maharagwe ya zamani, magumu kama changarawe, naye akayatia maji ya majivu kama alivyofundishwa na mama yake. Yalipoanza kuiva aliangalia mchuzi: ulikuwa umekuwa mweusi, na bado ulikuwa mtamu. Alikuwa ameuona mchuzi huo maisha yake yote. Siku hiyo aliutazama.

Akachukua kiganja cha mbegu za kakao zilizomenywa, akazinyunyizia maji yale yale, akazifunika. Baada ya saa moja zilikuwa zimegeuka rangi mbele ya macho yake, kutoka wekundu wa tofali hadi weusi wa udongo wa bondeni.

Furaha ilimfanya akose subira. Kulikuwa na agizo la keki ya ubatizo, na majivu yake ya ndizi yalikuwa kidogo. Akaenda kwa jirani anayetengeneza sabuni, akaomba chupa ya maji ya majivu ya mkaratusi, yaliyochemshwa yakakolea. Majivu ni majivu, alidhani.

Kremu ile ilikuwa nyeusi kupita kiatu cha katekista yeyote. Babu wa mtoto aliyebatizwa alipewa kipande cha kwanza kwa heshima. Alitafuna, akaacha kutafuna, akamwita Kaswera kwa kidole.

"Mama," akamwambia kwa upole, "hii gato ni ya kula, ao ni ya kufulia?"

Mafuta na majivu makali: alikuwa amepika sabuni, akaipamba na maua ya sukari.

Tangu siku ile ana sheria. Majivu ni ya maganda ya ndizi peke yake, yaliyochomwa mpaka yawe meupe. Maji yake yanaonjwa kabla hayajagusa kakao. Mbegu zinanyunyiziwa, hazilowekwi. Zinafunikwa, zinakaushwa, halafu zinakaangwa kwa moto mdogo mpaka harufu ya majivu iondoke na harufu ya chokoleti ibaki peke yake. Siagi inapigwa kwanza bila kakao, kwa sababu kremu inayopigwa sana ikishachanganywa inajaa hewa na kuwa nyeupe. Mwishoni kijiko kimoja cha kahawa, kimoja tu, ili kakao iongeze sauti. Na baada ya hapo, subira: kremu inalala usiku mmoja, na rangi inakomaa yenyewe.

"Rangi haiji kwa fujo," anasema. "Ukiisukuma, inakuja na kitu kingine nyuma yake."

*

Ijumaa saa tisa alasiri, Mama Kasonia anaingia bila kubisha. Ana kitenge kipya, miwani, na mfuko wa plastiki. Kwenye meza kuna beseni la kremu iliyomalizika kuchanganywa nusu saa iliyopita.

Anaitazama. Anaivua miwani, anaitazama tena.

"Mama Débora, hii ni nini?"

"Ni kremu, mama."

"Minaona kremu. Nauliza rangi."

"Rangi iko njiani. Itafika asubui."

"Njiani kutoka wapi? Hata bakwe zetu ba Beni bako njiani, na hakuna mutu anajua kama batafika." Ni kweli. Tangu asubuhi kuna habari za risasi kwenye barabara ya Beni, na msafara wa wazazi wa bwana harusi, ambaye mwenyewe yuko Butembo tangu Jumatatu, haujasikika. Mama Kasonia amekuja na hofu zake zote, na amekuta mahali pa kuziweka. "Bakifika, benye kusema sisi ba Butembo tuko na choyo, tutabakaribisha na ukuta?"

"Onja, mama."

"Sikukuja kuonja. Macho njo inakula kwanza."

Hata hivyo, anachukua kijiko. Anaonja kidogo, anaonja kidogo zaidi. Kijiko kinarudi kwenye beseni mara ya tatu kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Anakiweka chini, anafungua mfuko na kutoa mkebe wa kakao, mpya, haujafunguliwa, na kuugonga mezani.

"Ladha sina neno. Ongeza hii, vijiko kumi, itakuwa nyeusi leo hii. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe hauko bibi arusi."

"Hapana. Niko mupishi. Gato ni yenu, mama, munaweza kuikata, munaweza kuitupa. Kremu ni yangu. Ile mkebe haiingii mule."

Mama Kasonia anavaa miwani polepole, kama hakimu anayejiandaa kusoma. "Basi mkebe unabaki hapa. Kesho saa mbili nitakuja. Nikikuta udongo, utaoka ya mwisho yako katika mji huu."

Anapoondoka, Maliro anatoka alikokuwa amejificha, nyuma ya mlango wa chumba. Anautazama mkebe, anamtazama mkewe.

"Débora. Vijiko tano tu. Hata kumi hapana."

"Wewe pia?"

"Mimi nakumbuka batoto balivyorudishwa na masomo. Sikusemea ile mkebe, nasemea ile masomo."

Hilo linamgusa. Anakaa kwenye kigoda kabla kazi haijaisha, jambo ambalo mumewe anasema hutokea mara mbili kwa mwaka. Anaugeuza mkebe mkononi. Ni mwepesi, safi, una picha ya kikombe kinachotoa mvuke.

"Nilisimama pale kwa jua," anasema mwishowe, "na nikakula kakao kavu mbele ya bunduki. Sasa nishindwe na miwani?"

Anafunika beseni kwa kitambaa, anaweka sahani juu ya kitambaa, na juu ya sahani anaweka mkebe wa Kampala. "Umetafuta kazi," anauambia. "Zuia inzi."

*

Jumamosi saa mbili kasorobo tayari Mama Kasonia yuko mlangoni. Kaswera anaondoa mkebe, sahani, kitambaa.

Kremu imekomaa. Wekundu umezama ndani, juu umebaki weusi mzito wenye mng'ao wa udongo baada ya mvua kubwa. Lakini si nyeusi kama kiatu. Ukiiweka karibu na kiatu, kiatu kinashinda.

"Haiko nyeusi," Mama Kasonia anasema.

"Hapana. Iko chokoleti. Kiatu ni kiatu."

Muda wa kubishana haupo. Kanisani misa inaanza saa nne, na ghorofa tatu bado ziko uchi. Mama Kasonia anatazama saa, anatazama beseni, na kutoa hukumu yake: keki itapambwa, itawekwa mezani, na mtu yeyote akicheka, yeye atasimama mbele ya watu wote na kulitaja jina la mwokaji.

"Litaje muzuri," Kaswera anajibu. "Kaswera Débora. Hapana kusahau Débora."

Wakwe wa Beni wanafika saa nane mchana, misa ikiwa imekwisha, wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wamelala njiani ndani ya lori, wamegeuzwa mara mbili, na baba wa bwana harusi, mzee Kitsa, amekalishwa kwenye kizuizi kimoja kwa muda wa saa nne kwa sababu karatasi yake ilikuwa na mhuri wa mwezi uliopita. Anaingia katika sherehe akiwa amefunga uso. Watu wa Butembo wanajitahidi: wimbo, soda, hotuba, wimbo tena. Uso haufunguki.

Kaswera amesimama nyuma ya turubai, upande wa sufuria, na kisu chake mkononi. Kutoka hapo anaiona keki na anamwona mchekeshaji wa mji, yule yule, safu ya nne, akijiandaa kwa kukohoa.

Keki inakatwa. Shekinah anachukua kipande, anapiga magoti mbele ya baba mkwe na kumlisha. Mzee Kitsa anatafuna. Anaacha. Anakisogeza kipande kilichobaki karibu na pua, anavuta pumzi, na vichwa vyote vinamgeukia, kwa sababu mkwe anayenusa chakula si habari njema.

"Hii kitu," anasema mzee, "munaipata wapi?"

Mchekeshaji amesahau kukohoa.

"Naijua hii harufu," mzee anaendelea. "Kakao ikianikwa, asubui kwa uwanja, njo hii. Ni ya kwetu. Ile ya Kampala hainuki hivi. Miaka yote tunaipanda, sikufikiria iko mutu huku anaitaka." Anamtazama Zacharie Lusenge. "Munatuozesha binti, na munatia kakao yetu ndani ya gato. Bwana, njiani walinitukana siku mbili. Hapa mumenisalimia."

Anaomba kipande cha pili. Uso umefunguka.

Hapo ndipo Mama Kasonia anaposimama. Anapanga kitenge, anarekebisha miwani, na kutamka kwa sauti inayofika mpaka kwenye sufuria: "Papa, tulitaka vile tangu mwanzo. Nilimuambia mupishi: kakao ya bakwe, hapana ingine. Hata ile rangi, nilimuchagulia mimi."

Vigelegele. Nyuma ya turubai, wanawake wa jikoni wanamgeukia Kaswera kuona kama kisu kitamponyoka. Yeye anacheka kwa mabega tu, bila sauti.

"Nilimuacha," anasema baadaye. "Mutu akiiba sifa yako, amekubali kazi yako. Angenitukana, hapo njo ningeogopa."

*

Jumanne iliyofuata Mama Kasonia alikuja kuchukua mkebe wake. Aliugeuza, akakagua kifuniko, akakuta haujafunguliwa. Hakuomba radhi; wanaomfahamu wanasema hana mashine ya kufanyia kazi hiyo. Lakini aliacha maagizo mawili, moja la harusi na moja la jubilei ya mtawa. Kwa jubilei alitaka kremu hafifu, "sawa chai ya maziwa, ili isishindane na shela."

Kaswera alimuuliza kama hiyo si rangi ya udongo.

"Ni rangi ya jubilei," Mama Kasonia alijibu.

Hafifu si kazi ngumu. Mbegu zisizoguswa na majivu, siagi iliyopigwa sana, na maziwa ya unga badala ya sukari nyingi, ili utamu usiimeze chokoleti. Wiki hii Kaswera ana keki tatu. Kila keki inampa faida ya dola tano au sita, na watoto wote watatu wako darasani. Zorobabel ametuma ujumbe na dereva wa lori kwamba gunia linalofuata liko tayari, na kwamba kuna wakulima wawili jirani zake wanaouliza huyu mama anakula kakao kiasi gani.

Anakula nyingi, na anataka kula zaidi. Ndiyo maana mwezi ujao atakwenda Kirumba, mji wa soko kwenye barabara ya kusini, ambako akina mama tisa wa kikundi cha kanisa wamemwandikia barua. Wanataka kuoka, na kwao mkebe wa Kampala haufiki, au unafika na bei ya mbuzi. Atakaa siku nne. Atawafundisha kukaanga, kusaga, kuchoma maganda, kuonja.

Marafiki wamemshauri afundishe keki na kunyamazia majivu. Hata Maliro amemwonya kwamba anajitengenezea washindani kwa mikono yake, tena kwa nauli yake.

"Bache bakuje kushindana," Kaswera anasema. "Batu ya bunduki njo banakalia siri, na angalieni fasi gani balitufikisha nayo. Mimi nitaandika yote kwa ubao, kubwa kubwa. Majivu ya nini, maji ngapi, kuhesabu mupaka ngapi. Na pale chini nitaandika: hapana ya mkaratusi."

Kikundi cha Kirumba kilikuwa kimemjulisha kwamba ubao wanao, lakini hawana cha kuandikia. Ameshanunua chaki, pakiti mbili.